Mikono Kichwani

Sogea karibu, wewe uliyetoka hospitali juzi na mkono umeubana ubavuni kama kuku aliyevunjika bawa. Najua kwa nini umeubana. Unaogopa kwamba ukiuinua kidogo tu nyuzi zitakatika na kifua kitafunguka kama gunia lililoshonwa vibaya. Hakitafunguka. Lakini usiniamini upesi. Nisikilize kwanza mpaka mwisho, maana na mimi walioniambia hivyo sikuwaamini.

Watu wananiita Mama Neema. Nilizaliwa Kilwa, ng'ambo ya ziwa upande wa Kongo, nikaolewa hapa Nchelenge na mvuvi. Kazi yangu ni chisense, wale samaki wadogo wanaong'aa kama sindano. Tunawanunua wabichi asubuhi mtumbwi ukifika, tunawaanika juani, kisha tunawauza kwa wachuuzi wanaokuja na magari. Mtu anayeiona kazi hii kwa mbali anadhani ni ya mikono. Ni ya kichwa. Beseni la samaki wabichi linatoka kwenye mtumbwi mpaka pa kuanikia likiwa kichwani mwa mwanamke, linavuja maji mpaka shingoni. Mwanamke anayeweza kujitwika mwenyewe anaondoka na samaki wazuri. Asiyeweza anasubiri mtu amtwike, na anayesubiri kutwikwa anafika wa mwisho na kukuta mabaki.

Nimeanza na hayo ili ujue nilichokuwa naogopa kupoteza. Titi waliliondoa, na nililia sana, sikufichi. Lakini titi halikuwa linanilisha tena. Mkono ulikuwa unanilisha.

Uvimbe niliukuta wakati wa baridi, nikijipaka mafuta baada ya kuoga. Ulikuwa kama punje ya karanga, haukuuma, na kwa sababu haukuuma nikauacha. Muhogo ulipokuwa tayari kuchimbwa uvimbe ulikuwa umekua, nikaenda kliniki. Kliniki wakanipeleka hospitali ya Mansa, Mansa wakanipeleka Lusaka. Sitakueleza habari za chembe na vipimo. Hizo atakueleza daktari wako, na atakueleza vizuri kuliko mimi. Nilipasuliwa mwezi ule joto linapokuwa kali kabla ya mvua, upande wa kulia, wakaondoa titi na vitu fulani kwapani. Nilipoamka nilitafuta mkono wangu kwa macho. Ulikuwepo, umelala juu ya mto kama wa mtu mwingine.

Nilirudi nyumbani na bandeji. Wifi yangu, Bana Chola, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ameshahamia kwetu na godoro lake. Bana Chola ameuza samaki sokoni Kashikishi miaka mingi na Wakongo, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kubishana bei. Hata akikuonea huruma unadhani anakupunguzia mia mbili. Aliniogesha kila siku. Alichemsha maji, akafunga mlango, akaniogesha kama mtoto, na siku ya kwanza bandeji ilipotoka nikageuza uso ukutani ili nisimwone akiniona.

"Geuka," akasema.

"Bana Chola, usiangalie."

"Mimi nimesafisha samaki maisha yangu yote. Wewe unafikiri mushono utanitisha? Geuka, maji yanapoa."

Niligeuka. Akaosha taratibu kuzunguka kovu, akiimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya puani. Nakuambia jambo hili kwa sababu baadaye nitakusimulia jinsi alivyonizuia, na sitaki umchukie. Mtu aliyekuosha kovu lako akiimba hawezi kuwa adui yako.

Nyumbani sheria ilikuwa moja: pumzika. Nikigusa ufagio, pumzika. Nikitaka kukoroga bukari, ugali wetu, pumzika. Kwetu mgonjwa akionekana anafanya kazi, aibu inamwangukia mume na ndugu zake. Majirani watasema, hawa watu hawana moyo, wanamtwangisha mgonjwa muhogo. Kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka, na mkono ukakaa pamoja nami.

Mvua zilipoanza nikarudi Lusaka kwa dripu ya kwanza, ile dawa ya kansa inayoingizwa mshipani. Safari ni ya siku nzima kwa basi. Chumba cha kungojea kina mabenchi marefu, na watu wanakaa na thermosi zao, mito yao, mablanketi yao, kama walio kambini. Ukikaa hapo siku moja unajifunza kuangalia vichwa: mwenye nywele ni mgeni, mwenye kitambaa ni mwenyeji. Kando yangu alikaa mama mmoja Mkongo, tumwite Mama Kitenge kwa sababu ya wingi wa vitenge alivyojifunika. Alikimbia vita, akavuka ziwa kwa mtumbwi, akapokelewa kambi ya Kenani, na sasa analima katika makazi ya wakimbizi. Ugonjwa wake ulikuwa sawa na wangu, ila kwake ni upande wa kushoto.

"Tukikaa pamoja tunakuwa mutu mumoja mwenye maziwa yote," akasema. Nilicheka mpaka mshono ukaniuma.

Hapo ndipo alipokuja Sista Bwalya. Ni mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kukimbilia, na alisema nasi Kibemba. Maneno yake nakuambia kwa Kiswahili. Alisema yeye na wenzake wanafanya utafiti. Wanataka kujua kama watu wanaotibiwa kansa wakitembea na kufanya mazoezi ya mikono wakati wa dripu na baada yake, wanapata nguvu kuliko wakiachwa wapumzike tu. Nchi nyingine wameshajifunza mengi juu ya hilo, akasema, lakini sisi tunaoishi mbali na hospitali, tunaolima na kubeba, hatujaulizwa sana. Watakaokubali watagawanywa kwa kura: wengine wataanza mazoezi sasa, wengine watapata matibabu ya kawaida na kufundishwa mazoezi utafiti ukiisha. Anayetaka kuacha ataacha siku yoyote, na dripu yake haitaguswa.

"Kura?" Mama Kitenge akauliza. "Mimi kura sina bahati. Kenani tulipanga mustari wa blanketi, zikaisha mbele yangu."

Kura ikanipa mimi mazoezi, ikampa yeye kungoja.

"Wewe umepata kazi, mimi nimepata kupumuzika," akasema. "Sasa nani amelaliwa?"

Hatukujua. Hata Sista Bwalya alisema hajui, na ndiyo maana wanatafuta. Nilipenda alivyosema hivyo. Watu wengi waliokuja kitandani kwangu walikuwa wanajua kila kitu.

Nikueleze mazoezi yenyewe, maana ni mepesi kuliko jina lake. La kwanza ni kutembea. Kipimo chake ni mdomo: ukiweza kuzungumza lakini ukashindwa kuimba, mwendo ni mzuri, ukishindwa hata kuzungumza, punguza. La pili ni kupandisha vidole ukutani kama mjusi, taratibu, mpaka pale panapovuta, kisha kuvishusha. La tatu ni kufumbata mikono miwili nyuma ya kichwa na kufungua viwiko polepole, kama mtu anayefungua dirisha.

Hilo la tatu ndilo lililoleta maneno.

Kwetu, pande zote mbili za ziwa, mikono miwili kichwani ni ya kilio. Mtu akipata habari ya kifo, mikono inakwenda yenyewe. Mtoto akifanya hivyo katika mchezo mama yake anamshusha mikono na kumwuliza, unamlilia nani? Anayeweka mikono kichwani bila msiba anauita. Mimi nalijua hilo tangu ninanyonya, lakini pale hospitali, mbele ya picha zilizobandikwa ukutani, na watu wote wakifanya, sikulikumbuka. Nililikumbuka nilipofika uani kwangu, nikafumbata mikono, na Bana Chola akaangusha kikombe.

"Shusha," akasema. "Shusha mikono. Nani amekufa?"

"Ni zoezi, Bana Chola. La hospitali."

"Hospitali ya wapi inafundisha mugonjwa kulia kilio chake? Dawa unywe, dripu uende. Hiyo mikono, katika kiwanja cha ndugu yangu, hapana."

Dripu ya pili ilipopita nywele zilikuwa zimeshaniondoka. Ziliondoka kwa mafungu, zikabaki kwenye mto kama manyoya. Nyusi pia. Uso wangu ulikuwa mtupu, na nilikuwa nimekonda mpaka pete ikawa inazunguka kidoleni. Na nilichoka. Uchovu wa dawa si ndugu wa uchovu wa kazi. Wa kazi ukilala nao unakuacha. Huu unalala nao na unaamka nao, umekukalia miguuni. Jambo nisilolitegemea ni kwamba siku nilizotembea, hata kidogo tu mpaka kwenye kanisa na kurudi, uchovu ule ulilegea. Haukuondoka. Ulilegea, kama kamba iliyoachiwa kidogo. Kwa hiyo sikutaka kuacha. Nikaanza kwenda ufukweni.

Ziwa lilikuwa limefungwa. Kila mwaka wakati wa mvua nyingi serikali inazuia uvuvi ili samaki wazae, na mitumbwi inapinduliwa mchangani. Nyuma ya mitumbwi hiyo hakuna anayekuona kutoka nyumbani. Nilikwenda asubuhi mvua ikiacha, nikapandisha vidole kwenye ubavu wa mtumbwi, kisha nikageukia ziwa na kuweka mikono kichwani. Kutoka nyumbani sikuonekana. Kutoka ziwani je? Hilo sikuliwaza.

Sasa, kaka yangu mkubwa, yaya Ilunga kama tunavyomwita ndugu mkubwa kwetu, anaishi kisiwani Chisenga kwenye kambi ya wavuvi. Alikuwa ametuma watu kuuliza hali yangu, na Bana Chola, kwa nia njema kabisa, alirudisha jibu kwa mwenye boti: waambie anapumzika, wasije kumsumbua. Mwenye boti akamwambia mtu bandarini, mtu yule akamwambia mwingine. Kiswahili chetu cha huku unakijua, au kama hukijui nakueleza: kupumzika ni kulala kidogo, na pia ni neno tunalotumia kwa heshima mtu akiwa amekufa. "Anapumuzika" ilipofika kwa kaka yangu ilikuwa imeshakuwa "alishapumuzika".

Niliona boti ikija, nikaitazama tu. Watu walikuwa wengi ndani yake kuliko kawaida, na wanawake walikuwa wamefunga vitenge viunoni. Nikasema moyoni, hawa wanakwenda msibani. Nikaendelea kufungua viwiko. Injini ikazimwa. Na hapo hapo mwanamke mmoja akatoa ukelele wa kilio, wengine wakaitikia, na mwanamume akaruka majini na suruali yake, akaja ameweka mikono kichwani kama mimi. Alikuwa yaya Ilunga.

Akasimama mbele yangu. Akanitazama usoni, kichwa kisicho na nywele chini ya kitambaa, uso usio na nyusi, na hakunijua. Alidhani ni mama mmoja wa waombolezaji.

"Mama, pole," akaniambia. "Mulishamuzika, ao mulitungojea?"

"Tulishamuzika nani, yaya?"

Sauti yangu peke yake ndiyo iliyokuwa bado ya zamani. Akarudi nyuma hatua, akakaa majini kama aliyekatwa miguu. Wanawake nyuma yake waliendelea kulia, hawakuwa wamesikia.

"Njo weye? Ni weye kweli?"

"Njo miye."

Akakaa pale, maji yamemfika tumboni, akinitazama. Kisha hasira ikampanda, hasira ile ya mtu aliyetishwa. "Sasa juu ya nini unajililia weye mwenyewe?"

Siku hiyo nyumbani watu walikula sana, kwa sababu walikuwa wamekuja na unga na kuku wa matanga, na kuku hajui tofauti. Walicheka pia. Lakini baada ya kula yaya Ilunga, mume wangu na Bana Chola walikaa na mimi ndani, na hapo hakuna aliyecheka.

"Miye nilimulilia mudogo yangu akiwa muzima," yaya Ilunga akasema. "Kitu hicho kisirudiliwe."

"Niliwaambia," Bana Chola akasema.

Mume wangu ni mtu wa maneno machache. "Kutembea, sawa," akasema. "Ile ya mikono, acha kwanza."

Nikaacha. Na usidhani niliacha kwa machozi. Zoezi lile lilikuwa linauma, na nilipoambiwa acha, sehemu fulani ndani yangu ilisema asante.

Mkono haukusema asante. Katika majuma yaliyofuata kamba nyembamba ilijitokeza chini ya kwapa, kama uzi wa wavu uliovutwa, ikanivuta mpaka kwenye kiwiko. Sikuweza kujifunga kitambaa cha kichwa. Sikuweza kufika mgongoni. Nikinyoosha mkono kuchukua kikombe juu ya kabati, bega lote lilipanda nao kama mlango uliovimba kwa mvua. Nilimtazama jirani akitoka kisimani, amejitwika ndoo kwa mwendo mmoja bila kufikiri, nikaelewa kwamba hivi ndivyo nitakavyoishi: nimepona, na ninasubiri kutwikwa.

Sista Bwalya alikuwa akinipigia simu kila juma. Safari hii akaniuliza zoezi la tatu linakwendaje.

"Nimeacha, Sista."

"Linauma sana?"

"Linauma, lakini si hilo." Niliona haya. "Ni mikono kichwani, Sista. Nyumbani."

"Mikono kichwani," akasema. "Mama yangu angenichapa. Hizi picha nimezibandika mwenyewe ukutani, nikazizoea, na sikuziona." Kisha akauliza, "Nani amekukataza?"

"Wifi yangu."

"Dripu ijayo njoo naye."

Bana Chola hakuwahi kufika Lusaka. Ndani ya basi alikaa kama anayekwenda mahakamani, mkoba magotini, na njia nzima alinieleza atakachomwambia huyo mwanamke. Tulipofika Sista Bwalya hakumweleza lolote. Alimkalisha kiti cha karibu, akaniomba niinue mkono wa kushoto, ukaenda juu. Akaniomba niinue wa kulia. Ukafika usawa wa bega, ukakataa. Akamwomba Bana Chola aguse ile kamba ya kwapani.

Bana Chola akaigusa kwa kidole kimoja. Aliniogesha kila siku, lakini siku zote mkono ulikuwa umeshuka, hakuwahi kuiona. Akarudisha kidole.

"Itakatika?" akauliza.

"Hapana. Ikivutwa taratibu kila siku, inalegea. Ikiachwa, inakaa. Sitaki kumlazimisha mtu alie kilio cha bure, mama. Lakini mkono huu lazima ufike kichwani. Sijui tufanyeje, na nakuuliza wewe."

Bana Chola hakuwa amejiandaa kuulizwa. Alifungua mkoba, akaufunga. "Shida si mkono kufika kichwani," akasema mwishoni. "Sisi mikono yetu iko kichwani siku nzima. Shida ni kichwa kitupu. Mutu akiona mikono kichwani, ni kilio. Akiona mikono na beseni, ni soko."

Sista Bwalya akamtazama. Kisha akatoka, akarudi na beseni la plastiki la bluu kutoka kwa watu wa usafi, bado lina maji chini. Akalikausha kwa taulo, akanipa. Nikalishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, nikaanza kulipandisha. Lilifika kidevuni likaanza kutetemeka. Bana Chola aliinuka kunisaidia kama alivyofanya maisha yake yote, na Sista akamshika mkono kwa upole.

"Mwache afike anapofika."

Lilifika puani. Tukaishia hapo.

Sista alisema hawezi kubadilisha zoezi kwa kichwa chake, kwa sababu utafiti una utaratibu, lazima awaulize wenzake. Aliuliza, nao wakakubali, kwa kuwa walichokuwa wanatafuta ni mazoezi ambayo mtu ataweza kuyafanya kwake, siyo yale yatakayopendeza ukutani. Niliporudi kwa dripu iliyofuata, kando ya ile picha ya mikono nyuma ya kichwa palikuwa na picha nyingine, imechorwa kwa kalamu: mwanamke na beseni.

Basi nikawa mtembezaji wa beseni tupu. Asubuhi nililipandisha na kulishusha nikiegemea ukuta, kisha nikatoka nalo barabarani, nimelishika mbele yangu kwa mikono miwili nikiweza, mmoja nikichoka. Watu wa Nchelenge hawawezi kuona beseni bila kuuliza kilichomo.

"Mama Neema, unauza nini leo?"

Bana Chola, aliyekuwa akitembea nami ili niwe na mtu wa kuzungumza naye na hivyo nijue mwendo wangu, ndiye alijibu. "Anauza upepo. Unataka kilo ngapi?"

Mwezi wa tatu ziwa lilifunguliwa. Nilikwenda ufukweni na beseni langu, na mitumbwi ikafika na chisense ya kwanza ya mwaka, nikasimama kando. Beseni lilikuwa limefika kwenye paji la uso, halijafika juu. Wenzangu walijitwika na kukimbia. Nilirudi nyumbani na beseni kavu, na siku hiyo Bana Chola hakunitania.

Dripu ziliisha pamoja na mvua. Nywele zilirudi, laini kama za mtoto, na zenye mvi ambazo sikuwa nazo. Baridi ikaja tena, ile baridi iliyonikuta na punje ya karanga, na sasa punje haikuwepo. Sista aliniruhusu kuweka kitu ndani ya beseni: kwanza kitambaa, kisha unga kidogo, kisha unga zaidi, na baada ya kila hatua niuangalie mkono kama umevimba. Ulipovimba nilirudi nyuma, nikangoja, nikaanza upya.

Asubuhi moja tulikwenda ufukweni, mimi na Bana Chola. Mtumbwi ulioingia ulikuwa wa yaya Ilunga, ametoka Chisenga. Alinipimia chisense mwenyewe, chini ya nusu beseni, akalisukuma kwangu mchangani.

Bana Chola akainama. "Nikutwike?"

"Ngoja."

Nikachuchumaa. Nikalishika. Nikalipandisha mpaka magotini, nikapumua. Mpaka kifuani, upande ulio na titi na upande usio nalo. Mpaka kidevuni, na hapo palikuwa pazito, nikapumua tena. Ile kamba ya kwapani ikavuta, ikauma, ikaachia. Kisha nikasikia kitu cha baridi kikinitiririka nyuma ya shingo, nikashtuka, nikadhani ni damu. Yalikuwa maji ya samaki. Beseni lilikuwa kichwani.

Nilipogeuka, Bana Chola alikuwa amesimama, mdomo wazi, mikono yake yote miwili juu ya kichwa.

Yaya Ilunga akamwona. "Bana Chola," akamwita kutoka kwenye mtumbwi. "Nani alikufa?"

Akaishusha mikono haraka, akaifuta kwenye kitenge. "Hakuna," akasema. "Tembea wewe, samaki wanaoza."

Nisikudanganye kuhusu sasa. Beseni lililojaa silibebi na huenda nisilibebe tena. Siku za joto mkono unavimba kidogo, naulaza juu ya mto. Naenda kupimwa kila ninapoitwa, na usiku wa kuamkia siku hiyo moyo haukai. Utafiti wenyewe bado wanaujumlisha, na mimi siwezi kukuambia umeonyesha nini kwa watu wote. Nakuambia ya mkono mmoja. Mama Kitenge naye alifundishwa zamu yake ilipofika. Aliniambia picha ya kwanza aliyoonyeshwa ni ile ya beseni, akasema, hii nimeifanya tangu nikiwa mutoto, nyie hospitali mumejifunza lini?

Sasa la kwako. Muulize kwanza aliyekupasua, au sista wa kliniki yako, kama kidonda kimefunga vya kutosha kuanza. Akikubali, kesho asubuhi kabla jua halijawa kali, chukua beseni tupu. Mwambie mtu wa nyumbani akae karibu, lakini asikusaidie. Egemea ukuta, shika beseni kwa mikono miwili mbele ya tumbo, lipandishe taratibu mpaka pale panapovuta. Pumua. Lishushe. Keshokutwa lipandishe tena.